Jua Lilikuwa la Okko

Basi la kilabu liliondoka kwenye uwanja wa kanisa asubuhi, kukiwa kukavu, kwa hiyo aliyepanda alikuwa Okko. Alivaa shati la mikono mifupi, akarusha begi lake la mgongoni juu ya rafu, akaketi dirishani na kuanza kumenya yai la kuchemsha kabla dereva hajamaliza kuhesabu vichwa. Kando yake alikaa jirani yao Gesine, mjane, mwenye ufumaji mapajani. Mke wa Okko, Fenna, naye alikuwa kwenye safari hiyo, ila Hinrich, mweka hazina, alikuwa amewakatia kiti kimoja. Kilabu kilibishana mkutano mzima kuhusu jambo hilo, mwisho kikakubali kwamba wale ni abiria wawili lakini hawajawahi kuwa wawili kwa wakati mmoja.

Kilabu chenyewe kilikuwa cha kuviringisha tufe na kuangusha vigingi vya mbao, kila Alhamisi, nyuma ya baa ya kijijini. Anayekosa shabaha hutozwa faini, na faini za mwaka mzima ndizo hulipia matembezi ya kiangazi. Mwaka huu walikuwa wanakwenda kusini, milimani, kwa siku tatu. Kila mtu alijua ndiyo safari ya mwisho. Magoti yalikuwa yamechoka, vijana walikuwa na michezo yao, na kilabu kingevunjwa kabla ya Krismasi.

Okko na Fenna waligawana hali ya hewa siku ya harusi yao, kama wengine wanavyogawana pande za kitanda. Bibi yake Okko aliwauliza mezani nani anachukua jua na nani anachukua mvua. Okko alijibu kabla bibi hajafunga mdomo: jua, kwa sababu ana nyasi za kukata na ng'ombe wa kulisha. Fenna alikuwa anatafuna keki, na alipomeza mambo yalikuwa yamekwisha. Tangu siku hiyo kukiwa kukavu yupo Okko, na tone la kwanza likianguka yupo Fenna. Ng'ombe waliuzwa zamani, nyasi anakata mtu mwingine, lakini jua Okko hakulirudisha. Watoto hawakupata, na pale kijijini hakuna aliyeona kwamba hilo linahitaji maelezo.

Kwao ni kaskazini, pwani ya bahari baridi, nchi iliyolala kama meza, na wingu likifika hukaa wiki. Kwa hiyo Fenna hakuwa mgeni wa mtu. Alipika, alifua, na Alhamisi za mvua aliangusha vigingi vingi kuliko mumewe. Nguo zake zilikauka ndani ya nyumba siku zote. Kivuli chake alikuwa hajakiona tangu usichana. Na jikoni kwake, juu ya birika la chai, ilitundikwa kalenda ya muuza vyakula vya mifugo, ambayo haikufunuliwa kwa miaka mingi, kwa sababu ukurasa wa Julai ulikuwa na picha ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, umesimama kwenye jua kali na theluji kichwani. Fenna alitaka kuuona mlima huo hivyo hivyo, kwa macho yake, ukiwa kwenye jua. Hakuwa na jambo lingine alilolitaka katika safari ile, na sidhani kama alikuwa nalo katika maisha.

Mvua iliwakuta baada ya kuvuka mto Main. Tone la kwanza lilipogonga kioo Okko alikuwa katikati ya hadithi ya trekta lililozama mtaroni. La pili lilipogonga, kwenye kiti chake alikuwa ameketi Fenna, sweta ya kijivu, mkoba kifuani, maganda ya yai kwenye sketi. Aliyaokota moja moja akayafunga kwenye leso.

"Moin," akasema, salamu ya kwao ya saa zote.

"Moin, Fenna," wakajibu wa viti vya karibu.

"Sasa hilo trekta lilitolewaje?" Hinrich akauliza kutoka nyuma.

"Silijui trekta mimi. Mngojee mwenyewe."

Akapangusa ukungu kwenye kioo kwa mkono wa sweta, akatazama upande wa kusini mpaka shingo ikamuuma. Kusini kulikuwa na kijivu, na chini ya kijivu malori. Gesine alimpa kipande cha mkate mweusi na jibini. Kisha akamwuliza jambo ambalo alikuwa amelibeba moyoni miaka mingi bila kulitoa.

"Hivi ukiwa hupo, mwenzangu, unakuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani tu. Kuna giza, kunanuka mbao. Nasikia watu wanacheka, ila kwa mbali." Fenna akatafuna. "Okko anasema yeye husinzia. Mimi usingizi siupati."

Walifika kwenye nyumba ya wageni mvua ikiwa bado inanyesha. Mwenye nyumba, Bi Zenzi, mwanamke mnene mwenye aproni na sauti ya kuitia mbuzi, aliwapokea mlangoni kwa salamu ya huko, inayomtaja Mungu, nao wakamjibu kwa Moin, na kila upande ukauona mwingine kuwa na adabu za ajabu. Kwenye ukumbi, kando ya ngazi, kilitundikwa kinyumba cha mbao cha kubashiria hali ya hewa, chenye milango miwili na sanamu mbili ndogo, moja hutoka kwenye mvua, nyingine kwenye jua. Kwa kuwa ilikuwa mvua, sanamu ya mwanamume na mwavuli wake ilikuwa nje, na ya mwanamke ilikuwa imerudi gizani. Fenna alisimama mbele yake kwa muda, maji yakimchuruzika kutoka kwenye sweta.

"Hiki kimeharibika," akasema.

"Kimeharibika wapi?" Bi Zenzi akauliza, akimwekea mezani glasi ya maji moto yenye kifuko cha chai kinachoelea. Gesine, ambaye kwao chai ni ya majani na birika, alikitazama kifuko kile kama mtu anayetazama panya aliyekufa.

"Mwanamume ndiye wa jua. Wa mvua ni mwanamke."

"Wee, nani kakudanganya? Huku kwetu mwanamke ndiye wa jua, tangu babu na babu. Mwanamume anatoka na mwavuli wake, analowa, anarudi anakohoa. Nyie wa kaskazini mmepangwa kinyumenyume."

"Okko alichagua kwanza."

"Basi si mbadilishane, hata kwa siku moja? Marehemu wangu nilimpa Jumapili zote, apate jua la kwenda kucheza karata."

Fenna aliweka glasi chini. "Inabadilishwaje?"

"Hakuna kazi hapo. Aliye nje anasema, leo toka wewe. Basi. Anaingia yeye, unatoka wewe."

Usiku ule ulikuwa wa mvua na kitanda cha chumba kile cha mtu mmoja kilikuwa cha Fenna, lakini kabla ya kupanda ngazi alimshika Gesine mkono.

"Mwambie siku moja tu. Hapana, siku ni nyingi. Mwambie asubuhi moja."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe, ni mumeo?"

"Nimwambie lini?" akauliza Fenna.

Asubuhi kulikuwa na jua, na Okko alikuwa mezani akimenya soseji nyeupe, ambazo huko ni lazima ziliwe kabla ya kengele ya adhuhuri. Gesine alimweleza yote, pole pole, kama alivyoagizwa. Okko alisikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linamchosha Gesine. Alikuwa mcheshi, aliwabebea wajane mizigo, kwenye mazishi ya mume wake Gesine alilia kuliko ndugu.

"Na mimi niende wapi?" akauliza.

"Ndani."

"Huko ndani kunafanyika nini?"

"Hakufanyiki kitu. Asubuhi moja tu, Okko."

"Sasa Gesine, hebu sema kweli. Mtu asafiri kutwa nzima kwenye basi, magoti haya, aje milimani akae ndani?"

"Yeye anakaa."

"Ah, yeye kazoea!" Okko akacheka, akamsukumia sahani ya haradali. "Usinikunjie uso. Sijasema hapana. Nasema si leo, leo kuna boti."

Boti iliwazungusha kwenye ziwa la kijani kibichi, na Zugspitze ulisimama juu ya maji hayo, mzima mzima, theluji yake iking'aa. Wanachama wa kilabu walinyamaza, jambo ambalo hawakulifanya hata kanisani. Okko naye alitazama. "Mkubwa," akasema. Halafu akamwuliza nahodha kama boti ina choo. Gesine alipiga picha kwa simu yake, moja baada ya nyingine.

Mchana mawingu yalishuka mpaka kwenye maji, mvua ikaanza, na Fenna akawa ameshika ukingo wa boti.

"Mlima uko wapi?" akauliza.

Gesine akanyoosha kidole kwenye kijivu. "Pale. Juu zaidi kidogo. Pale."

Fenna alitazama pale kidole kilipoelekea, kwa heshima na kwa muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa picha za wajukuu wa mwenzake. Gesine akamfungulia simu. Fenna akaitazama, akarudisha.

"Huu ninao jikoni," akasema. Kisha: "Alisemaje?"

"Alisema si leo."

"Hakusema hapana."

"Hapana, hakusema hapana."

"Ah," akasema Fenna, akafunga kifungo cha juu cha sweta. Watu wengi wanaoishi peke yao hawako wapweke hivyo. Wana mtu wa kumkumbuka, au mtu wa kumlaani. Fenna alikuwa na mume hai, mwenye afya na anayependwa na kijiji kizima, na alikuwa hajamwona uso tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

Bi Zenzi ndiye aliyetoa njia, jioni ile, huku akikaanga viazi. Alisema juu ya mlima wa mkabala, unaopandwa kwa gari la waya, kuna baraza la mkahawa linalotazamana na Zugspitze uso kwa uso, na kwamba wakati wa kiangazi, mchana ukishapinda, hupita pale mvua ya jua.

"Mvua ya nini?" Fenna akauliza.

"Ya jua! Inanyesha na jua linawaka. Kwenu haipo?"

"Kwetu wingu likija huja zima."

"Basi huko juu mtakuwepo wote wawili, upende usipende. Haikai sana, lakini kugeuza kichwa utawahi."

Fenna alipanda chumbani, akavua sweta, akavaa gauni lake la maua ya buluu, lile la sherehe, akachana nywele na kuzibana upya. Kisha akaketi kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani, akiwa ameshapendeza, akingoja mvua ikatike, kwa sababu nguo atakayoingia nayo ndiyo atakayotoka nayo.

Siku ya tatu ilipambazuka safi. Kilabu kilipanda kwa gari la waya, Okko katikati yao akisimulia mwisho wa hadithi ya trekta. Huko juu Gesine na Hinrich walimweka, na miwani yake ya jua usoni, kwenye benchi lililotazama Zugspitze na wakahakikisha habanduki. Haikuwa rahisi. Saa ya kahawa na keki ilikuwa inakaribia, na Okko alikuwa ameona keki ya plamu ya Bi Zenzi ikipoa dirishani. Hinrich alimnunulia bia. Gesine alimwuliza habari za ng'ombe, kila mmoja kwa jina lake. Wengine walisimama nyuma wakijifanya kusoma orodha ya vinywaji, na macho yao yote yalikuwa angani.

Wingu lilitokea nyuma ya mkahawa, dogo, jeusi upande mmoja. Mbele yao jua liliendelea kuupiga Zugspitze kana kwamba halijaambiwa. Kisha mvua ikaanza kuanguka, matone makubwa yanayong'aa, na Okko hakuondoka. Aliketi palepale na bia yake. Na mbele yake, mgongo kwenye mlima, alisimama Fenna katika gauni la maua ya buluu.

Kilabu kizima kilishusha orodha za vinywaji.

Walitazamana, mke na mume. Wote wawili walikuwa wazee sasa. "Okko," Fenna akasema, si kwa kumwita, ila kama mtu anayekagua kama jina bado linamtosha mwenye nalo. Kwenye vibao vya sakafu, kando ya mguu wake, kivuli chake kilikuwa kimelala.

"Geuka, Fenna," Gesine akasema polepole. "Mlima uko nyuma yako."

Bega la Fenna lilianza kugeuka.

"Nalowa!" Okko akapiga kelele.

Tangu harusi mvua haikuwahi kumgusa. Alikuwa amesimama, mikono mbali na mwili, uso wake kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. "Fenna! Inaingia shingoni! Fenna, nina koti mimi? Koti langu liko wapi?"

"Ndani ya begi. Chini kabisa."

"Chini wapi? Silioni! Kuna soksi tu huku!"

Bega la Fenna likarudi. Akapiga magoti kwenye begi. Kila mwaka, kila matembezi, alikuwa amelipakia koti hilo, likiwa jipya, limekunjwa kwenye mfuko wake, kwa mtu ambaye halihitaji, kwa sababu mtu hasafiri bila koti la mvua. Akatoa soksi, taulo, chupa ya chai, akalitoa.

"Mwache alowe!" Hinrich akafoka. "Mvua haiui mtu!"

"Atapata mafua," Fenna akasema, akimwingiza mkono wa kwanza.

"Geuka kwanza, shoga yangu, jamani! Mara moja tu!" Gesine akasihi.

"Nakuja. Zipu imekwama."

Okko aliinua kidevu avalishwe. "Taratibu, unanibana. Na miwani, sioni kitu." Fenna akaivua ile miwani ya jua usoni mwa mumewe, akaifuta kwa pindo la gauni, akamrudishia. Akamvika kofia ya koti. Akafunga kamba chini ya kidevu, fundo moja, halafu la pili, maana la kwanza lililegea. Alimpangusa tone moja lililokuwa puani, akasema, "Haya," kisha akageuka.

Mvua ikakatika. Kichwa chake kilikuwa kimefika usawa wa bega.

Mahali alipokuwa amesimama palibaki nyayo mbili kavu, zikiwa na umbo la viatu vya kike, na muda si mrefu jua likakausha sehemu iliyobaki zikafanana nayo. Zugspitze ulikuwa pale, umeoshwa, karibu mno, kila mshipa wa theluji ukihesabika. Hakuna aliyeutazama isipokuwa Okko, ambaye alikuwa ameelekea huko.

"Imepita," akasema kutoka ndani ya kofia. "Inakera sana ile mvua. Sijui anaivumiliaje." Akaanza kupambana na fundo la kamba. "Kwani alikuwa na haraka ya nini?"

"Alitaka kuuona mlima," Gesine akasema. Alikuwa analia na hakujificha.

"Mlima? Huu?" Okko akashangaa, kwa dhati kabisa. "Si angesema tu."

Gesine alimfungua fundo, kwa sababu Okko hakuweza, na wote wakateremka kwenda kula keki.

Mvua ilianza tena wakiwa njiani kurudi, jioni, milima ikiwa mbali nyuma na nchi imeshaanza kulala tambarare. Fenna alikuwa kwenye kiti cha dirishani, gauni la maua ya buluu, nywele bado mbichi, koti la Okko likiwa kifurushi mapajani. Watu walimsalimia kwa sauti ya chini. Hinrich alijitia kutafuta kitu chini ya kiti.

Gesine alishindwa kuuliza, mwisho akauliza. "Hukuuona kabisa?"

"Niliuona," akasema Fenna. "Kwenye miwani yake. Ilikuwa miwili, mmoja kila jicho, na theluji yake juu. Mizuri sana."

"Basi angalau."

"Lakini ilikuwa na matone," Fenna akasema, "nikaifuta."

Gesine akamshika mkono. Fenna alimwachia kwa muda, kisha akauomba urudi, kwa kuwa alikuwa anauhitaji. Alilitandaza koti juu ya magoti, akalikunja kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, mikono ndani, kofia juu, akalirudisha kwenye mfuko wake, na mfuko akaulaza chini kabisa ndani ya begi. Juu yake akapanga taulo na soksi.

"Alilowa sana?" akauliza.

"Hapana," akasema Gesine. "Hakulowa."

"Afadhali," akasema Fenna, akageukia dirisha.